Pedali Laini ya Breki: Lugha ya Dereva na Kazi ya Fundi katika Migori na Homa Bay

Katika gereji za jua kali zilizo kandokando ya barabara itokayo Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii, na katika zile za mjini Homa Bay, malalamiko ya dereva kuhusu breki huletwa kwa maneno machache. Husema, "Breki zimekuwa laini," au, "Breki imeingia upepo." Aghalabu jibu la fundi huwa fupi vilevile: upepo utolewe. Kazi hufanywa, malipo hutolewa na gari huondoka. Tatizo ni kwamba hali nne au tano zilizo tofauti kabisa huitwa kwa jina hilo moja, na tiba ya mojawapo haiponyi nyingine. Gari lililotolewa upepo ilhali silinda yake kuu imechakaa hurudi barabarani na ugonjwa uleule, na dereva wake huondoka na imani kwamba ametibiwa. Imani hiyo ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

Makala haya yanaeleza kwa nini pedali ya breki hulainika, jinsi chanzo kinavyoweza kutambuliwa na jinsi ya kukirekebisha. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili, yanachunguza pia maneno matatu ambayo hubeba mzigo mkubwa katika mazungumzo ya gereji: laini, upepo na mafuta. Kila mojawapo lina namna yake ya kumpotosha anayelisikia.

Mguu, kiowevu na gurudumu

Breki za gari dogo hufuata kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa mahali pamoja katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Istilahi yenyewe, kanieneo, ni muungano wa kani na eneo, na mwanafunzi anayeichambua kimofolojia huwa amekwisha kufahamu nusu ya somo. Kani ikitiwa kwenye eneo dogo huzaa kanieneo kubwa; kanieneo hiyo ikipokewa na eneo kubwa huzaa kani kubwa zaidi. Miongoni mwa magari ya kwanza ya abiria kutumia kanuni hii katika magurudumu yote manne lilikuwa Duesenberg la Marekani la mwaka 1921, na kanuni haijabadilika tangu hapo.

Chukulia kwamba mguu wa dereva unasukuma pedali kwa nguvu ya kilo 20. Pedali ni wenzo. Ikiwa huzidisha nguvu mara 4, pistoni ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta, hupokea kilo 80. Ikiwa pistoni hiyo ina kipenyo cha milimita 20, na ile iliyo kwenye gurudumu ina kipenyo cha milimita 50, eneo la pili ni mara 6.25 ya eneo la kwanza. Kwa hiyo pedi ya breki husukumwa kwa kilo 500, kabla hata ya msaada wa busta. Hata hivyo, faida hii ina gharama. Kinachopatikana kwa nguvu hutolewa kwa mwendo, kwani pistoni kubwa husogea kidogo sana. Masta ya mfano huu ikiwa na mwendo wa milimita 30, kiowevu chote inachoweza kusukuma kwa mkanyago mmoja ni takriban sentimita za ujazo 9.4. Hicho ni kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chai, na ndicho kinachogawiwa magurudumu manne.

Hapo ndipo siri ya pedali laini ilipo. Kiowevu hakikubali kubanwa, lakini hewa hubanwa hadi ikakaribia kutoweka. Kiputo cha hewa cha kiasi cha kijiko kimoja cha chai kikiwa ndani ya mabomba, zaidi ya nusu ya mwendo wa masta humalizikia katika kukibana kiputo hicho, na pedi husubiri. Mguu huhisi kana kwamba umekanyaga sponji. Ukichapua kanyagio la pili haraka, pedali hupanda kidogo, na dereva mzoefu hujifunza kuishi hivyo, akipampu mara mbili tatu kabla ya kila kituo. Inafaa kukumbuka kwamba kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari ya abiria uliosisitizwa na kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2004, gari husafiri mita 22 kila sekunde. Anayepampu kwa sekunde moja amekwisha kupita urefu wa mabasi mawili kabla breki hazijashika.

Upepo na mlango wake

Neno upepo katika gereji hutumika kwanza kwa magurudumu. Gurudumu likikosa upepo hulainika, likitiwa upepo huwa gumu. Katika breki mambo ni kinyume: upepo ukiwepo pedali hulainika, ukitoka pedali huwa ngumu. Mteja anayesikia neno lilelile likitumika kwa mambo haya mawili ana haki ya kuchanganyikiwa. Dholuo, ambayo ndiyo lugha ya kwanza ya wengi katika kaunti hizi mbili, nayo ina yamo kwa upepo na hewa, kwa hiyo mtu akihamia Kiswahili hapati onyo lolote kutoka lugha yake.

Muundo wa sentensi "breki imeingia upepo" unastahili kutazamwa. Kiini cha sentensi ni breki, ilhali kinachoingia ni upepo. Ni muundo uleule wa "mtumbwi umeingia maji", unaoeleweka na kila mtu anayeishi kando ya Ziwa Viktoria. Muundo huu hutaja chombo na kilichoingia, lakini hausemi kimeingilia wapi. Mvuvi wa Homa Bay akiambiwa kwamba mtumbwi umeingia maji, hachoti maji tu na kurudi kwenye samaki, hutafuta ufa. Kwenye breki, ajabu ni kwamba wengi huchota tu. Upepo hutolewa leo, na baada ya wiki mbili hurudi, kwa sababu mlango wake haukufungwa.

Milango hiyo ni michache na inajulikana. Kiowevu kikipungua mno katika chombo chake, masta hunyonya hewa. Kiowevu hupungua kwa sababu mbili: ama kinavuja, ama pedi zimelika na pistoni zimesogea nje zikakihitaji zaidi. Sababu ya pili ni ya kawaida na haina hatari ikitambuliwa mapema. Mlango mwingine ni raba za silinda za magurudumu ya nyuma, ambazo zikichakaa huvujisha kiowevu kidogo na huweza kuruhusu hewa kuingia pedali inaporudi. Mlango wa tatu ni ukarabati wenyewe: kila bomba linapofunguliwa, hewa huingia, na isipotolewa yote hubaki. Upo pia mkasa ambao huwasumbua hata mafundi wazuri. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishwa nafasi kwa bahati mbaya, nipeli ya kutolea hewa hujikuta chini badala ya juu. Kwa kuwa hewa hupanda, kiputo hukaa juu ya kalipa na hakitoki hata kiowevu cha chupa nzima kikipitishwa.

Laini ya namna gani?

Laini ni neno la sifa. Huitwa laini nguo, sauti, ngozi na ugali uliosongwa vizuri. Dereva aliyezoea lori la zamani akiingia katika gari dogo lenye busta nzuri anaweza kusema kwa furaha kwamba breki ni laini, akiwa na maana kwamba haimchoshi mguu. Neno hilohilo likiletwa gerejini kama lalamiko linakuwa pana mno kulielekeza jicho la fundi. Bahati njema ni kwamba Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha hali hizi vizuri zaidi, na dereva akivitumia, nusu ya uchunguzi huwa imekwisha kufanyika kabla ya jeki kutolewa.

Pedali inayobonyea ni ile inayokubali kwa mdundo kisha kusukuma mguu nyuma, kama godoro. Hiyo ni dalili ya hewa, au mara chache, ya hosi za mpira zilizozeeka na kuvimba zinapotiwa kanieneo. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Msaidizi akanyage kwa nguvu wakati fundi ameishika hosi kwa vidole, ikivimba itahisiwa.

Pedali inayodidimia ni jambo jingine. Mguu ukiikanyaga na kutulia juu yake, huanza vizuri kisha hushuka polepole, kama nguzo iliyosimamishwa matopeni. Kiowevu kinaondoka mahali kinapotakiwa kukaa. Ikiwa kuna unyevu kwenye bomba, kwenye hosi, upande wa ndani wa gurudumu, au mahali masta inapokutana na busta, uvujaji uko nje na unaonekana. Ikiwa hakuna unyevu popote na kiwango cha kiowevu hakishuki, mshukiwa wa kwanza ni masta: raba zake za ndani zimelika, na kiowevu kinarudi nyuma kupitia kandoni mwa pistoni. Kutoa upepo hapa ni kazi bure. Raba zibadilishwe ikiwa ukuta wa silinda ungali laini (na hapa laini ni sifa tena), la sivyo masta nzima ibadilishwe.

Iko pedali inayoanzia chini. Mkanyago wa kwanza hukaribia sakafu. Wa pili hupanda na kuwa ngumu kama jiwe, bila mdundo wowote. Hewa haifanyi hivi, kwa kuwa pedali yenye hewa hubaki na mdundo hata baada ya kupampiwa. Ile inayopanda na kuwa ngumu huashiria nafasi kubwa mno kati ya viatu vya breki na dramu, na hutokea zaidi katika magari yenye diski mbele na dramu nyuma. Toyota Probox, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka 2002 na ambalo limekuwa mbebaji mkuu wa abiria na mizigo katika barabara nyingi za Migori na Homa Bay, ni la muundo huo. Viatu vya nyuma vikilika na kirekebishaji kikakwamishwa na vumbi la barabara za murramu, pedali hushuka siku baada ya siku hadi dereva akaizoea. Tiba ni kufungua dramu, kusafisha, kurekebisha viatu au kuvibadilisha. Hali hii hufanana na ile ya beringi ya gurudumu iliyolegea: diski hucheza, husukuma pedi nyuma, na mkanyago wa kwanza huwa wa kuzirudisha tu.

Ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu haionekani gerejini. Pedali ni nzuri asubuhi. Baada ya safari yenye mzigo na kusimama mara kwa mara hupotea ghafla chini ya mguu, na baada ya nusu saa ya kupumzika hurudi kama kawaida. Barabara itokayo Rongo, iliyo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hushuka kuelekea Homa Bay, ambako ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Mteremko huo si mkali kama ule wa Mai Mahiu, wala si mteremko peke yake unaozipasha breki joto. Gari lililojazwa kupita kiasi, likishushwa bila kutumia gia ndogo na kusimama kila penye abiria, linaweza kukichemsha kiowevu kwenye kalipa. Kiowevu kikichemka huzaa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Yapasa kutenganisha jambo hili na pedi zilizozidiwa na joto. Hapo pedali hubaki ngumu lakini gari halisimami, ilhali kwenye mvuke pedali yenyewe ndiyo inayozama.

Mafuta yasiyo mafuta

Kisa cha kuchemka kinalileta neno la tatu. Kinachotiwa katika breki huitwa "mafuta ya breki" na karibu kila mtu, madukani na gerejini. Kwa hakika si mafuta. Kiowevu cha kawaida cha breki ni kemikali za jamii ya glaikoli. Huchanganyika na maji, huoshwa kwa maji, na hula rangi ya gari kikimwagika. Jina lake lina madhara ya kweli. Anayeamini kwamba ni mafuta haoni ajabu kuongezea mafuta ya injini au ya usukani chombo kinapopungua njiani. Raba za breki hizi hazikutengenezwa kustahimili mafuta ya petroli. Huvimba, hulegea, na mfumo mzima huharibika. Likitokea hilo, kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Raba zote, kuanzia masta hadi magurudumuni, pamoja na hosi, hubadilishwa. Gharama hiyo imetokana na jina tu. Wanaoshughulika na istilahi wangefanya vyema kuueneza msamiati wa kiowevu cha breki, ambao hauahidi kisichokuwapo.

Kwa kuwa huchanganyika na maji, kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewa kupitia hosi na kifuniko cha chombo chake, mwaka baada ya mwaka. Viwango vya kimataifa huonyesha athari yake waziwazi. Kiowevu cha DOT 3 kikiwa kipya hakipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Kikiwa kimenyonya maji ya kama asilimia 3.7, ukomo huo hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Hii ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hakijavuja tone. Ndiyo sababu pia kiowevu kilichopimwa kutoka chupa iliyokaa wazi rafuni ni akiba ya uongo. Kinunuliwe katika chupa ndogo iliyofungwa, kitumike, na kinachobaki kisihifadhiwe kwa miezi. DOT 3 na DOT 4 za glaikoli huweza kuchanganywa. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi na hizo.

Kutoa upepo: kazi ya watu wawili na maneno manne

Baada ya mlango wa hewa kupatikana na kufungwa, ndipo upepo unapotolewa. Fundi hukaa gurudumuni na spana, na ncha ya mpira mwembamba uliovikwa nipeli ikiwa imezama katika kiowevu safi ndani ya chupa. Msaidizi hukaa kwenye usukani. Msaidizi hukanyaga polepole mara tatu na kushikilia. Fundi hulegeza nipeli, kiowevu chenye viputo hutoka, pedali hushuka. Fundi hukaza nipeli, kisha, na neno kisha hapa lina uzito wake, msaidizi huachia pedali. Akiachia kabla nipeli haijakazwa, hewa hunyonywa kurudi ndani, na kazi huanza upya bila yeyote kujua kwa nini haiishi.

Kasoro nyingi hutoka katika maneno. "Achia!" husikika kama amri ya kuondoa mguu, lakini fundi aliye chini ya gari anaweza kuitumia kumaanisha kwamba nipeli imefunguliwa na pedali iachwe ishuke. "Shika" nayo humaanisha kwamba breki zimeshika au kwamba mguu ushikilie. Katika gereji ambamo fundi anazungumza Dholuo, mwanagenzi Kikuria, na mwenye gari Kiswahili cha mjini, utata huu si wa kinadharia. Mafundi makini huafikiana kabla ya kuanza juu ya amri nne zisizogongana: kanyaga, shikilia, imefungwa, inua. Msaidizi hurudia kila amri kwa sauti baada ya kuitekeleza. Ni desturi ndogo, lakini huokoa chupa nzima ya kiowevu.

Utaratibu wa magurudumu una jambo la kuangaliwa. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta na kumalizia lililo karibu. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za usukani wa kushoto husema kuanza nyuma kulia. Nchini Kenya usukani uko kulia na masta mara nyingi iko upande huohuo, hivyo lililo mbali ni la nyuma kushoto. Kitabu cha mtengenezaji kikisema vinginevyo, ndicho cha kufuatwa. Katika gari kuukuu, pedali isikanyagwe hadi sakafuni wakati wa kazi hii, kwa kuwa raba za masta huvuka hadi sehemu ya silinda ambayo haijapitiwa kwa miaka, yenye kutu na uchafu, na huchanika. Kipande cha ubao chini ya pedali huzuia hilo. Chombo cha kiowevu nacho kitazamwe baada ya kila mikanyago michache. Kikiachwa kikauke, masta itanyonya hewa na yote yaliyofanywa yatarudiwa. Magari yenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge huweza kuficha hewa ndani ya kifaa chake cha katikati, na hiyo haitoki bila chombo cha kompyuta kinachoiendesha pampu yake. Gereji isiyo na chombo hicho iseme hivyo mapema.

Jaribio la mwisho halifanyiwi barabarani. Injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara tano au sita hadi msaada wa busta uishe, kisha hushikiliwa kwa nguvu ya kadiri na injini kuwashwa. Pedali inapaswa kushuka kidogo, kwa kuwa busta imeamka, halafu ibaki palepale kwa nusu dakika bila kudidimia. Magurudumu yote manne hukaguliwa upande wa ndani kwa kidole na kitambaa kikavu. Ndipo gari huendeshwa uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, likisimamishwa mara kadhaa, na hatimaye kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa mahali pasipo na watu. Kiwango cha kiowevu hutiwa alama kwa kalamu kwenye chombo. Asubuhi ya siku ya pili hutazamwa tena. Kikiwa kimeshuka, gari halijapona, na pa kuanzia ni gurudumu litakaloacha unyevu kwenye kitambaa.